Neno Nililowaambia Wazazi

Sagalla, Jumatano jioni, Januari 1976

Kumbe Mama Wakesho hakujua ni mimi!

Miezi miwili sasa napita nyuma ya kanisa, nisionane na yeyote aliyekuwepo siku ya kufunga shule. Niliambiwa niwashukuru wazazi. Badala ya "mmetulea vyema" nikasema "mmelewa vyema." Uwanja mzima ulicheka. Kwa sababu hiyo tu nilitaka kukataa kazi ya kufundisha nasari, shule ya watoto wadogo, aliyonipa mchungaji.

Leo kwenye foleni ya maji Mama Wakesho akaniuliza, "Mwanangu, mbona hutaki kufundisha watoto?" Nikamwambia ukweli huku nikitazama ndoo yangu.

"Kumbe ni wewe? Mimi nilidhani ni yule msichana wa Chawia! Na Baba Wakesho siku hiyo alikuwa amelewa kweli. Nikasema, mtoto huyu ana macho!"

Nilicheka mpaka nikamwaga maji.

Nashangaa. Neno wanalikumbuka, mwenyewe wamemsahau. Sasa nilikuwa namficha nani?

Kesho nitamwambia mchungaji nimekubali. Naogopa ulimi utateleza tena. Lakini watoto wale nao Kiswahili ndio kwanza wanajifunza.