Kanuni ya Macho Manne

Jumapili, 9 Novemba 2025

"Ndege aliyeonwa na mtu mmoja ni ndoto ya mtu mmoja." Ndivyo alivyonijibu Wesley, mwenyekiti wetu, kwenye grupu ya chama, mbele ya watazamaji wa ndege wote kumi na tisa. Upuuzi! Mama akijifungua peke yake, mtoto ni ndoto?

Nilichoona nimekiona. Saa moja na robo asubuhi, bonde la Lambwe, nje ya ua wa mbuga, pale kijito kinapopinda. Mbayuwayu wa buluu. Mmoja. Mweusi kabisa mpaka alipogeuka juani, ndipo buluu ikawaka mgongoni. Mkia wa nyuzi mbili ndefu. Ndege hawa huondoka kwetu Septemba kwenda kusini kuzaa. Novemba hatakiwi kuwa hapa. Najua! Ndiyo maana nimeandika.

Irine wa Oyugis ameona korongo weupe arobaini juu ya mahindi yake. Ameingizwa kwenye orodha ya chama, kwa sababu mumewe pia ni mwanachama. Magige wa Ntimaru, keremkerem kwenye waya wa stima. Ameingizwa, alikuwa na shemeji yake. Mimi nilikuwa peke yangu. Kanuni ya macho manne: wanachama wawili, ndege mmoja, ndipo aandikwe.

Jumatatu, 10 Novemba

Magige kwenye grupu: "Mama Bitutu, huyo ni kunguru amekonda kwa gharama ya maisha." Wamecheka nusu saa. Nimemjibu aya nne. Wateja wawili wamesubiri dukani wakanunua daftari kwingine.

Jioni Wesley akapiga. Sauti ya upole — ile ninayoichukia.

"Nyar Kisii," binti wa Kisii kwa Kijaluo chake, "mbona unanipiga vita? Kanuni uliileta wewe. Na hayo maneno ya ndoto ni yako. Nilinakili tu."

Nikakata simu.

Jumatano, 12 Novemba

Sitasema uongo humu. Nilijua tangu Jumapili ni maneno yangu. Niliyatambua kabla sijamaliza kuyasoma, kama mtu anavyotambua kikohozi chake.

Nilimwandikia Metrine, fundi cherehani wa Homa Bay, mwaka jana, tarehe 16 Novemba. Aliona mbayuwayu wa buluu pale pale kijito kinapopinda. Ilikuwa Jumamosi, na alikuwa peke yake. Ndivyo chama chetu kilivyo: sisi Wasabato hatutoki Jumamosi, Wakatoliki wako misani Jumapili. Nusu moja ya chama haioni ndege wa nusu nyingine. Tumecheka juu ya hilo miaka sita. Hatujawahi kulirekebisha.

Jua lilipozama, Sabato ikaisha, nilishika simu hata kabla ya kuwasha jiko. Nikamwambia ameona mbayuwayu mweusi, yule mdogo wa kawaida, kosa la wanaoanza. Nikamwambia orodha si kanisa, haiandikwi kwa imani. Akaniandikia pembeni: "Basi dada njoo Jumatatu tuangalie pamoja. Nitaleta chai." Nikasema nina duka. Lete picha, au lete mtu.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Peke yake — nani angekwenda naye? Mvua ilinyesha milimani, bondeni kukiwa na jua. Maji ya kijito yakaja kwa ghafla. Walimpata siku ya tatu.

Darubini ya chama waliikuta imetundikwa kwenye msumari wa nguzo ya ua. Kavu. Aliivua kabla ya kuvuka ili isilowe.

Leo ninayo mimi. Wesley alinikabidhi baada ya mazishi, akisema angalau mimi najua kutunza vitu. Jicho lake la kulia limerekebishwa, kwa pete yake, lifae jicho la Metrine. Sijawahi kuligeuza. Kwa kulia naona ukungu tu. Mwaka mzima natazama ndege kwa jicho moja.

Jumapili, 16 Novemba

Nimerudi Lambwe. Ndege hakuja. Saa tatu nzima.

Amekuja mama mmoja na mbuzi watano. Anaitwa Mama Valentine, shamba lake linapakana na ua. Akaniangalia nikiangalia.

"Unatafuta yule opija mweusi?"

Nikashtuka. Opija ni mbayuwayu kwa Kijaluo.

"Umemwona?"

"Si anapita hapa na mvua! Hata mwaka jana. Mimi na yule mama wa cherehani tulimwangalia, hapo ulipokaa. Alinionyesha kwa hiyo hiyo mashine yako. Akasema, mama, huyu si mweusi, ngoja ageuke. Akageuka. Wuoi! Buluu kama yunifomu ya shule."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

Nimekaa chini kwenye nyasi zenye umande. Macho manne. Yalikuwepo, tangu mwanzo! Metrine hakuyataja kwa sababu alijua nitakachosema: si mwanachama. Na ningesema. Ningesema kwa aya nne.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimewaandikia wote. Kwa mara ya kwanza bila tusi. Nimeomba jambo moja: siku ya Metrine, 16 Novemba 2024, iandikwe kwenye orodha kwa jina lake. Wesley anasema masikitiko si ushahidi, na mama wa mbuzi si mwanachama. Kwamba tukimwona ndege sisi wenyewe, pale pale, atalifikiria.

Nikasema: Jumamosi. Saa mbili asubuhi. Wesley akakubali.

Irine, anayeandika orodha, amenipigia akinong'ona. "Sabato, dada? Wewe?"

Nikamwambia mbele za Mungu nitajibu mimi. Kisha: "Nitakuja. Mimi ndiye niliyefuta jina la Metrine kwa mkono wangu."

Jumamosi, 22 Novemba

Lambwe. Saa moja na dakika hamsini. Mwaka mmoja, ukihesabu Jumamosi kwa Jumamosi.

Nimefika kabla ya watu. Nimeandika huku nimeegemea nguzo. Ni nguzo yenyewe, najua kwa msumari. Hapa jua linawaka. Kule milimani kumefunga, weusi wa masizi. Kijito kinafika kwenye kifundo cha mguu.

Ndege yupo! Ng'ambo, chini ya ukingo, anaingia na kutoka. Nimegeuza ile pete ya jicho la kulia. Namwona kwa macho mawili — na bado anaruka chini mno, kivulini, ni mweusi tu. Ningevuka ng'ambo, hatua thelathini tu, ningeona mgongo wake juani.

Saa mbili na kumi. Hakuna mtu barabarani. Mama Valentine ameita kutoka juu: "Toka hapo, dada! Maji yanabadilika rangi!" Kweli. Yalikuwa ya kijivu. Sasa ni ya chai ya maziwa.

Saa mbili na robo. Ametua kwenye tawi kavu. Akigeuka kidogo tu nitaona.

Nimeitundika darubini kwenye msumari. Shingo imechoka, basi.

Wesley, Irine: tulisema saa mbili. Acheni gari hapo mlipo, njooni kwa miguu, kimbieni. Njooni mnitazame mimi kwanza, kisha mmtazame yeye. Na kalamu, Irine — shika kalamu. Andika Metrine.