Mita Tatu za Bafta Nyeupe

Wifi yangu,

Salamu zetu nakuletea, ingawa hukuziuliza. Kaka yako hajambo, ila mikono imembabuka kwa kunawa, maana kila tukiingia wodini ni sabuni kwanza. Mama yenu anapika, mimi nakamua maziwa kikombeni, na tunapokezana kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi walivyotufundisha. Alizaliwa na kilo moja kasoro. Sasa anakaribia mbili, na analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba.

Kifurushi chako kilifika siku ya tatu tangu azaliwe. Mita tatu za bafta nyeupe, na kikaratasi: "Ya Mungu mengi, bora mjiandae mapema." Kaka yako alikisoma, akaenda kukaa ngazini peke yake. Mimi ni fundi cherehani, wifi, sanda naijua nikiiona. Ya mtoto wa kilo moja haifiki hata mita. Ulinunua kwa moyo mkunjufu.

Niliikata yote. Watoto njiti hupoteza joto kichwani, na wodi ilikuwa imeishiwa kofia. Nimeshona ishirini na sita, zenye kamba za kufungia kidevuni. Kila mtoto mle amevaa sanda yako, na wote wanapumua.

Jumatatu tunarudi nyumbani. Binti yangu akikua akaniuliza nguo yake ya kwanza ilitoka wapi, nitamwambia kwa shangazi yake. Akiuliza uliinunua kwa ajili gani, nitamleta kwako umjibu mwenyewe.

Ni mimi,
mke wa kaka yako