Kisima Chenye Jina Langu

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum. Huku Kotile tupo, alhamdulillah. Goti la bibi yako halijapona, na mvua imetupita tena.

Unataka kugombea uwakilishi wa wadi, na unauliza kwa nini mimi nilikuwa diwani kipindi kimoja tu, kisha nikaenda kulima mtoni.

Nilipokuwa diwani kijana, nilipigania kisima kwenye malisho yetu ya masika. Baba yangu aliniita kando.

"Madimbwi yakikauka tunahama, nyasi zinapumzika," alisema. "Ukileta maji, nani atahama?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani.

Siku ya kukifungua, wanawake walipiga vigelegele. Baba alikunywa kikombe kimoja, akashukuru, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kweli, hakuna aliyehama, na nyasi hazikupumzika. Kiangazi kilichofuata sitakusimulia.

Sikukatazi kugombea, mama. Ila ukipita huko malishoni kuomba kura, utakiona kisima hicho. Watu bado wanakiita kwa jina langu. Hakijakauka hata siku moja. Ng'ombe wa baba walifia pembeni yake, matumbo yamejaa maji.

Babu yako