Kitoroli cha Bi Shamsa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea, maana najua unaitikia kwa sauti hata ukiwa peke yako na karatasi. Goti la kulia linasemaje? Na mvua ya huko Rombo mwaka huu ni mvua kweli, au ni ile ya kudanganya migomba? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Sina ugonjwa wa kusimulia.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kuongea jambo. Unasema hujambo, unaniambia nisalimie watu, halafu unakata ili nisimalize vocha. Barua hii anakuletea Mama Dismas, ambaye alikuja kufunga mzigo wa vitenge vya kuuza hapo Mkuu. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Vaa miwani, soma polepole.

Jambo lenyewe ni la Arusha. Kaka Prosper amekwambia kwamba mwisho wa mwezi huu anakuja kukuchukua ukakae kwake, na kihamba, migomba na kahawa yake, atakiangalia jirani. Amekwambia pia kwamba watoto wako wote tumekubali. Ni kweli, tumekubali. Alinipigia nikiwa kazini akaniuliza nasemaje, nikasema sawa, nikarudisha simu mfukoni. Sikufikiri hata dakika moja. Tangu wiki iliyopita naliwaza hilo neno, na sababu yake ni bibi mmoja wa huku mtaani. Nivumilie nikusimulie.

Duka la mjomba lilipofungwa nilikwambia nimepata kazi ya ulinzi, ila sikukueleza nalinda nini. Nalinda supamaketi moja pembezoni mwa Kariakoo. Nina sare, nina buti, nina kofia inayonibana kichwa, na watu wazima wenye mvi wananiita afande. Ungeniona ungecheka hadi ukae chini. Kwenye supamaketi wateja wanapewa vitoroli vya waya vyenye magurudumu manne, wanasukuma humo bidhaa zao mpaka wanapolipia. Kwa huku mjini kitoroli kama hicho ni mali. Vilikuwa vinapotea kila wiki. Nilikuwa natumwa kuvitafuta mitaani, na nilivikuta. Kimoja kilikuwa Msimbazi kimegeuzwa jiko la kuchomea mahindi, na mwenyewe akaniuliza kama nataka la chumvi au la pilipili. Kingine kilikuwa kimebeba soksi na mikanda, mwenye nacho amekifungia mwavuli. Kimoja tulikipata Jangwani baada ya mafuriko, kimejaa tope mpaka juu.

Basi meneja akaleta dawa. Getini wamepiga mstari wa njano, na chini yake wamefukia waya. Kitoroli kikigusa pale, gurudumu moja la mbele linajifunga lenyewe na hakisogei tena. Kukifungua kuna rimoti ndogo, na rimoti hiyo nilipewa mimi. Kazi yangu ikawa kusimama kwenye mstari kutwa nzima na kuwaangalia watu wakikwama.

Mama, watu wanakwama vibaya. Mwenye gari hakwami, yeye gari lake liko ndani ya uzio, anapakia anaondoka, hata mstari haujui. Anayekwama ni yule aliyekuja kwa miguu, ambaye bajaji yake imekatazwa kuingia ndani na inamsubiri ng'ambo ya barabara. Anasukuma mchele na mafuta yake kwa raha zake, ghafla kitoroli kinasimama, naye tumbo linajigonga kwenye mpini. Wengine wanadhani wamekiharibu, wanakiacha na kurudi nyuma kama hawakijui. Mzee mmoja alinyoosha mikono juu, risiti ikiwa mdomoni. Na pale nje hapakosi bodaboda wa kupiga kelele, "Oya, kamatwa huyo!" Watu wanacheka, mteja anajisikia mwizi wa vitu alivyolipia. Mwenye mwenzake, mmoja anabaki na mzigo na mwingine anavusha kidogo kidogo. Aliyekuja peke yake na mtoto mgongoni ananiangalia mimi, nami siruhusiwi kushika mzigo wa mteja. Mwanzoni nilikuwa nawaonea huruma. Baada ya miezi kadhaa moyo ukafa ganzi. Nikawa nasikia lile gurudumu likijifunga na nisigeuze hata shingo.

Isipokuwa kwa Bi Shamsa.

Bi Shamsa ni mjane wa mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa hapa hapa Kariakoo, anakaa mtaa wa pili kutoka dukani, vyumba vya nyuma ya lililokuwa duka lao la vitambaa. Alikuwa anakuja mara tatu kwa wiki, baibui limenyooka, udi unamtangulia. Ananunua mkate, maziwa, nyanya nne. Halafu anakisukuma kitoroli mpaka kwake, na jioni mtu anakirudisha. Kabla ya mstari hakuna aliyemuuliza. Siku ya kwanza gurudumu lilipojifunga alilala juu ya mpini, nikamdaka kiunoni. Mwepesi, mama, huwezi kuamini.

Nikamwambia, "Bibi, vitu vyenyewe ni hivi vichache, nikufungie kwenye mfuko ubebe?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto asiyeelewa. "Mwanangu, mimi sina mzigo. Mimi sina miguu."

Ndipo nikaelewa. Kile kitoroli alikuwa hakisukumi, alikuwa anakiegemea. Nikamuuliza kwa nini asinunuliwe kile chuma cha kutembelea wanachouza maduka ya dawa.

"Nikionekana na chuma cha hospitali," akasema, "mtaa mzima utampigia mwanangu simu kabla sijafika kona. Yuko Tanga. Ameshaniambia, siku nitakayoshindwa kwenda dukani mwenyewe anakuja kunichukua. Lakini nikiwa na kitoroli, mimi ni mtu anayetoka dukani tu. Nani atasema nini?"

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nikabonyeza rimoti, gurudumu likafunguka, akaenda zake taratibu akiwasalimia wauza mabegi kushoto na kulia. Nikimaliza zamu nilipita kwake kukichukua kitoroli, naye alikuwa ananiwekea kahawa na kipande cha halua. Nilimsimulia habari zako. Aliniuliza kama kweli mnalala na blanketi mbili, nikamwambia tatu.

Tuliishi hivyo, mara tatu kwa wiki, mpaka meneja alipoangalia kamera. Aliniita ofisini, akanionyesha mimi mwenyewe nikibonyeza na bibi akivuka.

"Vene, huyu ni ndugu yako?"

"Hapana bosi."

"Sasa mbona unampa mali ya kampuni? Leo yeye, kesho mtaa mzima. Nikiona tena, unavua sare hapa hapa."

Nikasema sawa. Akaichukua rimoti akaifungia kwenye droo yake. Hakuwa mkali sana, nisimsingizie. Nilitoka ofisini, nikarudi kusimama kwenye mstari. Mchana ule ule ndipo Prosper akanipigia kuhusu wewe, na yeye pia nikamwambia sawa. Nakwambia kwa mpangilio ulivyokuwa ili usidhani nilikaa nikakufikiria.

Kesho yake Bi Shamsa akaja. Alinunua vitu vyake, akafika getini akasimama hatua moja kabla ya mstari, kama kawaida yake, anasubiri nibonyeze.

"Bibi, leo haiwezekani," nikamwambia. "Wameniona."

Hakubishana. Alishusha mfuko wake kutoka kwenye kitoroli, akatazama barabara, akasema, "Basi nipeleke mpaka kona tu. Kuanzia pale kuna ukuta, nitaushika."

Kutoka getini mpaka kona ni mwendo wa kumaliza Salamu Maria mbili. Nilikuwa na buti, nilikuwa na mikono miwili, nilikuwa na mwenzangu mlango wa ndani ambaye ningeweza kumwita. Nikamwambia siruhusiwi kuacha lindo. Ni kweli, siruhusiwi. Lakini sikumwita hata mwenzangu. Nilimwangalia akienda, mkono mmoja umeshika mfuko na mwingine unatafuta kitu cha kushika, mara boneti la gari, mara meza ya muuza chaja, mara bega la mtu asiyemjua.

Hakuanguka, mama. Nilikuwa nasubiri aanguke na hakuanguka. Alifika katikati, akakaa kwenye ngazi ya duka la mabegi, mfuko mapajani. Akakaa tu. Watu wakamzunguka kwa wema kabisa. Mmoja akaleta maji, mwingine akampepea na boksi. Muuza mikanda akasema, "Bibi kachoka huyu, ana simu? Mpigieni mwanae." Nilisikia kila kitu kutoka pale niliposimama. Nilimwona akikataa kuitoa simu, anaikumbatia pamoja na mfuko, nao wanaichukua polepole mkononi mwake kwa huruma, "Lete bibi, usiogope." Wakampigia mwanawe wa Tanga.

Mimi sikulia. Kitoroli chake kilikuwa kimebaki getini, nikakirudisha ndani pamoja na vingine.

Baada ya siku tatu Bi Shamsa alikuja kwa gari na huyo mwanawe wa Tanga, binti yake, kununua maji na biskuti za safari. Binti ni mama mzuri, mnene, ana macho ya mtu aliyeendesha usiku kucha. Gari likapita juu ya ule mstari, likaingia ndani. Binti alipoingia dukani nilikwenda dirishani kwa Bi Shamsa. Nilitaka kumwomba radhi, ila nikasema tu, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usikae na hiyo sura, mwanangu, hakuna aliyekufa." Akanishika vidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi ingawa jua lilikuwa kali. "Binti yangu ni mwema. Ameniandalia chumba, kitanda, choo cha karibu. Kila kitu amefikiria. Ila hakuniuliza. Alinipigia akaniambia. Angeniuliza, labda ningesema ndiyo, unajua?"

Binti akarudi, wakaondoka. Nilisimama kwenye mstari mpaka zamu ikaisha. Njiani kurudi nyumbani nilipita mtaani kwake bila sababu, mlango una kufuli. Usiku nikala wali maharage nikalala. Asubuhi ndiyo aibu ikanipata, nimekaa kitandani na buti moja mguuni. Nilikumbuka nilivyokujibia wewe kwa neno moja, nikiwa kazini, huku namtazama mtu mwingine akikwama.

Mama, Prosper anakupenda, na huko kwake utatunzwa. Ulipoteleza shambani wakati wa mvua ukalala pale mpaka shangazi alipokuona, sisi wote tuliogopa, na mimi niliogopa kuliko wote kwa kuwa niko mbali. Nitakwambia ukweli mwingine: nilisema sawa kwa sababu ukiwa Arusha simu yako ikiita bila kupokelewa sitahangaika. Nilitafuta usingizi wangu. Sikuwaza kuhusu kahawa yako, wala kaburi la baba hapo nyuma ya migomba, wala kwamba ukiamka asubuhi unajua kila kilipo bila kuwasha taa. Na katika simu zote zile, kaka kwangu, mimi kwa kaka, dada naye kwa kaka, hakuna hata mmoja wetu aliyekupigia wewe akakuuliza.

Sasa nakuuliza mimi. Unataka kwenda Arusha, au unataka kubaki kwako?

Siwezi kukuahidi nitakuja kukaa na wewe, kazi yangu ni hii na unaijua sasa ilivyo. Lakini ukisema unabaki, nitampigia Prosper nimwambie neno langu nimeliondoa, na akikasirika atanikasirikia mimi. Tutatafuta binti wa kulala hapo nyumbani, tutaona. Ukisema unataka kwenda, nenda, nami nitafurahi kweli, si ile furaha ya kujisingizia. Usinijibu la kunifurahisha mimi wala la kumfurahisha yeye. Mama Dismas anarudi Dar wiki ijayo. Geuza karatasi hii, mgongo wake uko wazi, andika neno moja. Nimempa na kalamu, maana ya kwako najua wajukuu waliichukua.

Nisalimie shangazi Anastasia anayetunza ufunguo wa kanisa, mwambie goti lake na lako ni mapacha. Nisalimie mzee Ludovick jirani yetu, mwambie pombe ya mbege ya Dar haifai. Msalimie binamu Dismas, fundi wa redio, na mkewe anayekuchotea maji. Ng'ombe akizaa jike, mtu asimpe jina kabla sijajua.

Sijui utaandika nini, na mara hii sitaki kukisia.

Mwanao aliyechelewa kukuuliza,

Veneranda