Mwanamke Aliyeharibu Wimbo wa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Imetoka! Albamu ya Radi, ile iliyorekodiwa jukwaani mwaka jana. Na mimi nilikuwepo! Mstari wa mbele kabisa, sauti ilinikauka siku tatu. Miaka ishirini na miwili nampenda huyu mzee na gitaa lake. Uenyekiti wa mashabiki sikuuokota. Kesho naisikiliza kazini, mwanzo mpaka mwisho. Wifi apende asipende.

Jumanne, 4 Machi

Sina hamu.

Wimbo wa kwanza hauanzi! Dakika saba Radi anaeleza goti lake lilivyofanyiwa upasuaji. Wifi — dada wa mume wangu, tunafanya kazi pamoja hapa kwa dobi — akauliza hii ni albamu au kliniki. Nikamwambia apige pasi. Wimbo wa pili, kiitikio kawaachia watu. Wa tatu vilevile. Sasa yeye alikuja kufanya nini? Na ngoma zinalia kama ndoo.

Nikavumilia kwa ajili ya wimbo wa nane. Ndio uliopigwa kwenye harusi yangu, mama mkwe akatoka nje. Gitaa likaanza kupanda, taratibu, nywele zikanisimama — mara mwanamke anapiga ukelele: "Vutaaa!" Kama mbuzi aliyebanwa na mlango! Mara nne!

Nimelia. Kweli nimelia, juu ya foronya ya mteja.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika kwenye kundi la mashabiki. Sikumung'unya maneno. Mwanamke huyo ni mbuzi aliyebanwa na mlango, hana adabu, hana masikio, na akijulikana afukuzwe. Watu mia na arobaini wameniunga mkono. Katibu — yule mama anayekimezea mate kiti changu — akasema malalamiko yafike kwa Radi mwenyewe. Nikasema yafike!

Alhamisi, 6 Machi

Jamani.

Tulikuwa tunakunja shuka kubwa la hoteli, mimi ncha hii, wifi ncha ile. Mashine zinanguruma, kwa hiyo kawaida yetu nikiwa tayari napiga kelele avute, naye anavuta linyooke. Spika ilikuwa kwenye wimbo wa nane, maana nilitaka kumtukana yule mwanamke vizuri.

"Vutaaa!"

Wifi akavuta. Mimi sikuwa tayari. Nikaenda na shuka, puu, ndani ya kapu la taulo chafu.

Nikafoka, nani kakwambia uvute? Akasema, si wewe. Mimi? Sijafungua mdomo! Tukatazamana. Tukaitazama spika.

Wifi kacheka mpaka kakaa sakafuni. Anasema sauti hiyo ameisikia miaka tisa, hawezi kuikosea. Nimemwapisha asimwambie mtu. Ameapa, huku anafuta machozi ya kicheko. Nimekwisha mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Radi amejibu kwenye kundi! Mwenyewe! Anasema siku ile goti lilikuwa linamuua, alishaamua kushuka jukwaani, na sauti ya yule mama ndiyo iliyomzuia. Ndiyo maana hakuifuta. Anamtafuta, apande naye jukwaani onyesho lijalo.

Nimesoma mara kumi na moja. Nikaandika "Ni mimi." Nikafuta kabla ya kutuma. Maneno yangu ya Jumatano bado yako pale juu, mbuzi wangu na mlango wake. Nitaficha wapi uso? Nikaenda kunywa maji. Kurudi, Katibu ameshaandika: ameshindwa kuficha zaidi, ni yeye.

Muongo! Siku ile alikuwa mlangoni anauza fulana!

Jumamosi, 8 Machi

Mashabiki wamejaa hapa kwa dobi, ndipo tunapokutana siku zote. Radi yuko kwenye simu, anataka amsikie huyo mama kwa masikio yake. Katibu kajipara, kajaribu ule ukelele. Kimetoka kikohozi. Radi akauliza kwa upole kama ana mafua. Ameomba maji ya uvuguvugu, atajaribu tena.

Naandika nimejibanza nyuma ya mashine ya kukaushia. Sauti ya Radi iko mita tatu kutoka hapa!

Sasa wifi naye. Kawasha mashine zote. Kachukua shuka la hoteli, lile kubwa kuliko yote, anawaambia watu wasogee, kazi haingoji. Kasimama katikati yao. Ncha moja kashika, nyingine kanirushia huku nyuma. Na hacheki hata kidogo.

Nimeishika kwa mkono wa kushoto. Wote wamegeuka. Wifi anangoja nimwambie.