Mchi wa Mama Ulioliwa Katikati

Mjukuu wangu Sabina,

Huku Mamba hatujambo. Mpunga tumeshavuna, na mdogo wako ameota jino. Uliniuliza kwenye simu kwa nini mwalimu wenu wa chuo anasema hata kiti kinafikirisha. Mimi kiti nakikalia tu. Kilichonifikirisha ni mchi.

Nikiwa binti nilitwanga na mama kwenye kinu kimoja, tukipokezana. Siku moja nikaona mchi wake umeliwa katikati, pale anaposhika.

"Mama, mti uliopungua hapa umekwenda wapi?"

Akacheka, akanifungulia viganja vyake vigumu. "Labda umo humu."

Mpaka leo nikishika mwiko nasahau mboga jikoni, nikiwaza.

Mama hatunaye tena, ila mchi upo. Ukija likizo ushike palepale palipobonyea, naye atakushika.

Bibi yako