Mawaridi ya Dirishani kwa Mama

Newala

Baba Nancy mpendwa,

Nakusalimu sana huko gerezani. Nancy anakuamkia, na mikorosho yetu imechanua.

Umezisifu picha za mawaridi ya chini ya dirisha la mama yako. Unasema ni mekundu mpaka wenzako wanaomba kuzishika, tena unauona hata unga wa njano katikati ya ua. Halafu unauliza kama Newala siku hizi tuna maji, na mbona simu naisogeza karibu hivyo, hata ukuta wa nyumba huuoni.

Maji hatuna. Mawaridi yalikuwa yanakunywa maji niliyomwogeshea Mama. Tangu Pasaka alikuwa hainuki kitandani, nami kila asubuhi nilimwogesha, kisha nikayamwagia maua. Kupiga picha alinituma yeye: "Mpigie mwanangu picha za maua, lakini sogea karibu, asije akayaona mashuka yangu kwenye kamba." Nilikasirika, Baba Nancy, maana ulikuwa na haki ya kujua. Lakini mama mkwe akikuomba hivyo, utamjibu nini?

Picha ya leo nimeipiga kwa mbali, uone yote. Kamba haina shuka, godoro limeegemezwa ukutani, mawaridi yamenyauka. Nyumba hii haina tena mtu wa kuogeshwa. Tumemzika Lulindi, kwao.

Waridi la mwisho nililichuma likiwa bado jekundu, nikamwekea kifuani kabla jeneza halijafungwa. Hilo sikulipiga picha.

Mkeo,
Selestina